Kushika Kabla ya Kukata: Karatasi Nyembamba Chini ya Mwale wa Leza

Miongoni mwa vifaa vyote anavyovaa mhudumu wa afya, ngao ya uso ni mojawapo ya vile vilivyo vyepesi na rahisi kabisa kuelezeka: karatasi moja ya plastiki angavu, mkanda wa kichwani, na matundu machache ya kuunganishia. Muuguzi anayeivaa wakati daktari anamwingizia mgonjwa mrija wa kupumulia, au mkunga anayejikinga na damu na maji ya uzazi, hana sababu ya kujiuliza ilikatwaje. Hata hivyo, tundu moja likihama milimita mbili, ngao hupinda na kuacha upenyo pembeni. Ukingo ukiwa umeyeyuka na kuganda ovyo, humkwaruza mvaaji shavuni, na katika mikunjo yake midogo uchafu hujificha ambako kitambaa cha kusafishia hakifiki.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, na ngao za uso zikawa adimu. Mwezi huohuo kampuni ya Prusa Research ya mjini Praha, inayotengeneza mashine za kuchapa vitu vya plastiki, iliutoa bure kwa umma mchoro wa ngao ambayo mkanda wake ulichapwa kwa mashine hizo, na kioo chake kikakatwa kutoka karatasi ya plastiki. Karakana za vyuo na za watu binafsi katika nchi nyingi ziliingia kazini. Kuchapa mkanda kulichukua saa nzima na zaidi, ilhali leza ilikata kioo kwa muda mfupi tu. Lakini katika muda huo mfupi ndimo ilimokaa hila ya kazi. Leza hufuata mchoro wake kwa uaminifu mkubwa, wala haina habari kama karatasi iliyo chini yake bado ipo pale ilipowekwa. Kwa hiyo ubora wa kifaa, na mara nyingine usalama wa fundi mwenyewe, huamuliwa kabla mwale haujawashwa, pale mkono wa binadamu unapoilaza karatasi na kuituliza.

Mwale usiogusa

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960 katika maabara ya Hughes huko California, pale mwanafizikia Theodore Maiman alipoangaza kijiti cha yakuti kwa taa kali. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Kumar Patel wa maabara za Bell alibuni leza inayotumia gesi ya kabonidioksidi. Leza za aina hiyo ndizo zilizo katika mashine nyingi za karakana zinazokata plastiki, mbao, ngozi, karatasi na vitambaa. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 na hauonekani kwa macho. Plastiki nyingi huufyonza vizuri, zikapata joto, zikayeyuka au kugeuka mvuke pale pale unapopita.

Msumeno husukuma ubao, mkasi huubana mfumbati wa kitambaa, na kisu huivuta karatasi. Kila anayetumia zana hizo hujua bila kufundishwa kwamba kinachokatwa sharti kishikwe. Mwale wa leza haugusi kitu, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Anayeianza kazi hii huweka karatasi mezani, hufunga kifuniko, hubonyeza kitufe, akiamini kwamba kisichosukumwa hakiendi popote. Kwa bamba zito la mbao imani hiyo haimletei madhara makubwa. Kwa karatasi ya plastiki yenye unene wa nusu milimita au chini ya hapo, mambo huwa mengine.

Ukweli ni kwamba karatasi nyembamba ina wasukumaji wanne. Wa kwanza ni kumbukumbu yake yenyewe: plastiki iliyokaa muda mrefu ikiwa imeviringishwa hutaka kurudi katika umbo la roli, hivyo pembe zake huinuka hata ikilazwa kwa uangalifu. Wa pili ni hewa. Mashine hupuliza hewa kupitia pua iliyo karibu na lenzi ili kuondoa moshi na kuzuia miali ya moto, na wakati huohuo feni huvuta moshi kutoka ndani ya sanduku. Mikondo hiyo miwili hutosha kuipeperusha karatasi nyepesi. Wa tatu ni joto. Plastiki ya PET, inayotumika sana kwa ngao za uso na pia chupa za maji, huanza kulainika ikifikia takriban nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, muda mrefu kabla haijayeyuka, na ukanda uliopata joto hujikunja. Wa nne ni mkato wenyewe. Kipande kikishatengana na karatasi mama kinakuwa huru. Kinaweza kuinama, kusimama upande mmoja, kikagongwa na pua ya mashine inaporudi kukata kipande cha jirani.

Kwa nini milimita mbili ni nyingi

Mtoto aliyewahi kuunguza jani kavu kwa kioo cha kukuzia juani anaijua siri ya lenzi. Kioo kikiwa karibu mno au mbali mno, jani hupata mwanga mpana usio na nguvu. Kikifika umbali unaostahili, mwanga hukusanyika katika nukta moja na moshi huanza kupanda. Mwale ndani ya mashine ya leza una umbo kama la faneli mbili zilizounganishwa kwa midomo yao myembamba. Pale zinapounganika, upana wake unaweza kuwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Juu na chini ya hapo mwale hupanuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipenyo cha nukta kikiongezeka maradufu, eneo lake huongezeka mara nne, na nguvu inayolifikia kila eneo dogo hupungua hadi robo. Kwa lenzi za kawaida za karakana, sehemu ambayo mwale hubaki mwembamba haizidi milimita chache. Ndiyo maana karatasi iliyoinuka milimita mbili au tatu upande mmoja hukatwa safi katikati na kuungua pembezoni. Fundi asiyeijua sababu huongeza nguvu ya mwale ili upande ulioinuka nao ukatike, na kwa kufanya hivyo huunguza upande uliokuwa salama. Tiba sahihi ni kuilaza karatasi.

Njia za kushika, na mipaka yake

Mafundi wana njia kadhaa, na kila moja ina kazi inayoifaa. Karakana za hospitali, ambako mhandisi wa vifaa tiba huombwa leo ngao, kesho kielelezo cha kufundishia, keshokutwa kifuniko cha kifaa kilichovunjika, hunufaika kwa kuzijua zote.

Sumaku ndizo hupendwa zaidi kwa sababu huwekwa na kuondolewa upesi. Meza nyingi za leza zina umbo la sega la nyuki, ili moshi upite chini na karatasi iguswe mahali pachache. Ikiwa sega ni la chuma, sumaku ndogo zenye nguvu hubana pembe za karatasi barabara. Ikiwa ni la alumini, sumaku hazishiki, na huhitajika bamba la chuma chini yake. Sumaku lazima iwe fupi kuliko nafasi iliyopo kati ya pua na karatasi, la sivyo pua itaigonga. Kwa wahudumu wa afya, sumaku hizi zina tahadhari mbili za ziada. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizisogeze karibu na kifua chake. Umbali wa angalau sentimita 15 hushauriwa. Na ziwekwe mbali na watoto, kwa kuwa mtoto akimeza sumaku mbili zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hiyo ni dharura ya kukimbiza hospitali hata kama mtoto hajalalamika maumivu.

Pini za sega ni vipande vidogo vyenye umbo la herufi T au ndoano, ambavyo fundi huvikata mwenyewe kutoka ubao au akriliki ya milimita tatu. Mguu wake huingia katika tundu la sega, na kichwa chake huikandamiza karatasi. Gharama yake ni ndogo, na pini ikigongwa kwa bahati mbaya huvunjika yenyewe badala ya kuvunja lenzi.

Mkanda wa gundi wa karatasi, ule wanaotumia wapaka rangi, hufaa kushikia kingo. Ubandikwe pembezoni, sehemu itakayotupwa, kwani gundi ikibaki juu ya ngao hunasa vumbi na kuharibu usafi wake. Mkanda mweusi wa mafundi umeme usitumike kamwe, kwa sababu kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hatari yake itaelezwa hapa chini.

Maji nayo ni mshikaji asiyetarajiwa. Mtaalamu wa maabara anajua jinsi kifuniko chembamba cha kioo kinavyong'ang'ania kioo cha hadubini tone moja la maji likiwa kati yao. Kukitenganisha bila kukivunja ni kazi. Kanuni hiyohiyo hutumika hapa. Fundi hulowesha kidogo ubao laini wa akriliki, hulaza juu yake karatasi au kitambaa chepesi, kisha hukifuta kwa kiganja ili viputo vitoke. Utando wa maji hukivuta chini kwa usawa katika kila sehemu, jambo ambalo sumaku za pembeni haziwezi. Maji pia hufyonza kwa nguvu mwale wa leza ya kabonidioksidi, hivyo hupoza ukingo wa mkato. Kasoro yake ni kwamba ubao wa chini huchorwa mistari na lazima ubadilishwe mara kwa mara, na bidhaa zinazoharibika kwa unyevu haziwezi kushikwa hivi.

Meza ya kufyonza hewa hufanya kazi kubwa kwa utulivu. Pampu au feni iliyo chini ya meza yenye matundu hupunguza kidogo mgandamizo wa hewa chini ya karatasi, na hewa ya juu ndiyo inayoikandamiza. Nguvu yake huwashangaza wengi. Tofauti ya kilopaskali moja tu, takriban sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, ikitenda juu ya karatasi ya sentimita 30 kwa 20, huikandamiza kwa nguvu sawa na uzito wa kilo sita hivi, uliogawanywa sawasawa pasipo kitu chochote cha kuigonga pua ya mashine. Ila hewa hupenda njia rahisi. Sehemu ya meza isiyofunikwa huivujisha nguvu yote, na kwa hiyo fundi huifunika kwa karatasi chakavu. Hata mashine isiyo na meza maalumu, ikiwa feni yake huvuta moshi kupitia chini ya sega, hupata sehemu ya faida hii pale matundu yaliyobaki wazi yanapofunikwa.

Kwa utando mwembamba kupita kiasi, fremu ndiyo suluhisho. Utando huwambwa kama ngozi ya ngoma, au kama kitambaa katika fremu ya mviringo ya mdarizi. Mvuto uwe wa kiasi. Ukizidi, kipande kikishakatwa hujirudi na kuwa kidogo kuliko mchoro, na tundu lililokatwa duara hugeuka kuwa yai.

Mpangilio wa mkato nao ni ushikaji

Namna mchoro unavyopangwa husaidia kushika kuliko wanavyodhani wengi. Matundu ya ndani hukatwa kwanza, na mstari wa nje hukatwa mwisho, kwa sababu kipande kikiachiliwa mapema kila kinachofuata hukatwa juu ya kitu kinachocheza. Mafundi wengine huacha vishikizo, yaani sehemu fupi sana zisizokatwa, ambazo hukiunganisha kipande na karatasi mama hadi kazi iishe, kisha huvunjwa kwa mkono na kusuguliwa. Kwenye meza ya kufyonza, kila mpasuo mpya ni mlango wa hewa kuvujia, hivyo nguvu ya kushika hupungua kadiri kazi inavyoendelea. Ni busara basi kuacha mistari mirefu iwe ya mwisho.

Kabla ya kuwasha mwale, kichwa cha mashine huzungushwa kikavu kuuzunguka mpaka wa mchoro ili kuhakikisha hakigongi sumaku wala pini. Kisha hukatwa mraba mdogo wa majaribio katika kona moja, na mwingine katika kona iliyo mkabala. Mraba wa kwanza ukidondoka safi na wa pili ukashikilia, karatasi haijalala sawa, na hakuna haja ya kugusa kitufe cha nguvu. Dakika mbili za ukaguzi huo huokoa karatasi nzima, na wahenga walikwisha kusema kuwa haraka haraka haina baraka.

Moto nao una nafasi yake katika hesabu. Karatasi iliyoinuka hadi karibu na pua, kipande kilichosimama wima, au ukingo uliojikunja na kupitiwa na mwale mara mbili, vyote vinaweza kushika moto. Kwa sababu hiyo mashine ya leza haiachwi peke yake ikifanya kazi, hata kwa muda wa kujibu simu, na kizimamoto cha gesi ya kabonidioksidi huwa hatua chache kutoka hapo. Tahadhari hiyo huzidi kwa nitroselulosi, utando mweupe ulio ndani ya vipimo vya haraka vya malaria, ambao maabara za utafiti huukata kwa leza wakati mwingine. Utando huo huwaka kwa wepesi wa kutisha.

Plastiki isiyopaswa kuingia mashineni

Kushika vizuri hakuisaidii karatasi isiyofaa. Plastiki ya PVC ina klorini ndani yake, na mwale unapoiunguza hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo huwa asidi. Gesi hiyohiyo hula vyuma vya mashine na kuzitia ukungu lenzi. Tatizo ni kwamba PVC angavu na PET angavu zinafanana machoni. Baadhi ya vifuniko angavu vya kujalidia ripoti, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ofisi, ni vya PVC, na ndivyo vinavyokimbiliwa vifaa rasmi vinapoadimika.

Kuna jaribio la zamani la kemia, linaloitwa kwa jina la Beilstein, ambalo fundi anaweza kulifanya kwa waya wa shaba na taa ya moto. Waya hupashwa hadi uwe mwekundu, huguswa kwenye kipande kidogo cha plastiki, kisha hurudishwa motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini au ndugu zake, na plastiki hiyo haifai kwa leza. Jaribio lifanywe mahali penye hewa ya kutosha. Polikaboneti nayo, ingawa ni imara na hutumika kwa miwani ya kinga, hubadilika rangi na kuacha masizi ikikatwa kwa leza ya kabonidioksidi; ni heri ikatwe kwa zana nyingine.

Aliyevuta moshi wa PVC na kuanza kukohoa, kuwashwa koo au kutokwa machozi aondolewe mara moja apelekwe penye hewa safi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, na apelekwe kituo cha afya. Mhudumu atakayempokea akumbuke kwamba baada ya kuvuta gesi zenye kuunguza, dalili nzito za mapafu zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mgonjwa anayeonekana kupata nafuu haruhusiwi kwenda nyumbani kabla ya kuangaliwa kwa muda wa kutosha.

Anayepokea kifaa achunguze nini

Muuguzi au mfamasia anayekabidhiwa ngao kutoka karakana hahitaji kuijua leza ili kutambua kazi mbaya. Kidole kilichovaa glavu kikipitishwa taratibu kwenye ukingo hutosha kugundua vinundu na ncha kali. Ngao ikiinuliwa mbele ya dirisha, masizi na alama za kuungua huonekana. Ikivaliwa, iketi katikati bila kulazimishwa. Matundu yakivutana na mkanda, karatasi ilihama wakati wa kukatwa, na mahali hapo ndipo itakapopasuka kwanza.

Swali moja halipaswi kusahaulika: ngao imetengenezwa kwa plastiki gani, na itasafishwa kwa nini? Akriliki iliyokatwa kwa leza hubaki na mkazo uliofichika ukingoni, na ikipanguswa kwa spiriti hupata nyufa ndogondogo zinazosambaa kama utando wa buibui. Kifaa kilichotoka karakanani kikiwa kizuri kinaweza kuharibika wodini kwa kusafishwa na kimiminika kisichofaa. PET huvumilia spiriti vizuri zaidi. Mawasiliano kati ya fundi na muuguzi katika jambo hili ni sehemu ya kinga, na maandishi mafupi yanayobandikwa kwenye boksi, yakitaja aina ya plastiki na dawa ya kusafishia, huwafaa wote wawili.

Karatasi iliyo hai

Kanuni iliyotawala karakana huingia pia chumba cha upasuaji, ambako karatasi nyembamba inayokatwa kwa leza ni sehemu ya mwili wa mtu. Konea, ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, ina unene wa takriban nusu milimita katikati yake, sawa na karatasi za plastiki zilizozungumziwa hapo juu. Katika aina moja ya upasuaji wa kurekebisha uoni, daktari hutumia leza yenye mipigo mifupi isiyo kifani kufungua tabaka la juu la konea lenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kisha leza nyingine huchonga tishu iliyo chini yake, na tabaka hurudishwa mahali pake.

Leza hiyo ya mipigo mifupi ilipata njia ya kuingia katika tiba kwa ajali. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walichapisha mbinu ya kuikuza nguvu ya mipigo hiyo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Mourou kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na mwale wakati hakuwa amevaa miwani ya kinga ipasavyo. Daktari Ron Kurtz, aliyemchunguza, alishangazwa na jinsi jeraha lilivyokuwa dogo na safi. Kutokana na mshangao huo ulianza utafiti ambao yeye na mwanafizikia Tibor Juhasz waliugeuza kuwa zana ya upasuaji wa macho. Kisa hicho kina mafunzo mawili, na la kwanza ni la miwani: chombo kinachoponya jicho kinaweza kulijeruhi kabla mwenye jicho hajapepesa.

La pili linarudi kwenye kushika. Jicho halitulii, hata mtu akikazia macho nukta moja, jicho lake hutetemeka kidogo bila yeye kujua. Kwa hiyo kabla ya mkato, daktari hutia dawa ya ganzi ya matone, huzuia kope kwa kishikizo, kisha huweka juu ya jicho pete inayofyonza hewa na kuling'ang'ania taratibu. Kioo cha mashine huilaza konea iwe bapa, kama fundi anavyoilaza karatasi kwenye meza yenye matundu. Mgonjwa huhisi mgandamizo, na uoni wake unaweza kufifia kwa muda mfupi kwa sababu shinikizo ndani ya jicho limepanda. Akiambiwa mapema kwamba kufifia huko kunatarajiwa na kutapita, hatashtuka. Asipoambiwa, anaweza kurusha kichwa, pete ikaachia, na kazi ikasimama katikati. Daktari huamua basi kama aanze upya au aahirishe. Maelezo anayopewa mgonjwa kabla ya kulala kitandani ni sehemu ya kumshika, kama zilivyo pete na kishikizo.

Leza ya pili, ile ya kuchonga, hutumia mbinu nyingine: kamera hulifuata jicho na kuuelekeza mwale upya linaposogea, na likisogea kupita kiasi mwale hujizima. Mashine nyingi za karakana hazina macho ya namna hiyo. Karatasi ikihama, zitaendelea kukata hewa kwa uaminifu uleule, mstari baada ya mstari, hadi mwisho wa mchoro.

Ndiyo sababu fundi mzuri hutambulika kabla mashine haijaanza kunguruma. Hupitisha kiganja juu ya karatasi akitafuta pembe iliyoinuka, huinama kuitazama usawa wa meza kwa jicho moja, hurudisha sumaku moja mahali pake, kisha hufunga kifuniko. Mkunga atakayevaa ngao hiyo usiku wa zamu hatajua lolote kuhusu kiganja hicho. Ataivaa, itaketi sawasawa usoni, naye atamgeukia mama anayejifungua bila kuifikiria tena.